Kilo Thelathini na Tatu Nilizoficha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Lakini leo nawaomba mniitikie polepole, na akina mama msipige vigelegele kwanza. Mwaka jana nilisimama hapa hapa mkapiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka, na shangwe ile ndiyo iliyonipeleka mahali nitakapowaeleza. Nimekuja kushuhudia, na kabla sijashuhudia inanibidi nifute ushuhuda mwingine.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Baba Kulwa, mzee wa kanisa hili, mkazi wa Buzuruga. Kwa wageni niseme kwamba kazi yangu ni mpima mizani kwenye mwalo, kule wavuvi wanakoshushia samaki. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nasimama mbele ya mizani. Sangara akishushwa tu mtumbwini, kabla hajafika kwenye ndoano, nimeshajua ana kilo ngapi. Wavuvi wananiheshimu kwa sababu sipunguzi wala siongezi, hata nikibembelezwa vipi. Nayasema haya mjue kuwa mtu aliye mbele yenu alikuwa mkweli kwa samaki tu.

Mke wangu, Mama Kulwa, yuko pale safu ya pili, pembeni, ili mguu wake upate pa kunyooka. Nimemwomba ruhusa niseme habari zake, pamoja na uzito wake. Akanijibu, "Sema, ila useme yote." Basi leo nasema yote.

Ndugu zangu, mke wangu ni mtu wa mwili. Nilimwoa hivyo, na ng'ombe wa mahari sikuwaonea uchungu hata kidogo! Kwetu Usukumani mke akijaa, sifa zinakwenda kwa mume. Akipungua kidogo tu, watu wanauliza kama huko nyumbani mnakula. Mama yangu mzazi, anayekaa Kisesa, alikuwa akimwona mkamwana wake amenawiri ananiambia, "Mwanangu, unatunza." Kwa hiyo mwili wa mke wangu niliufanya sifa yangu mimi. Nilipita naye stendi nikijiona tajiri. Sikuwahi kumuuliza magoti yake yanasemaje akipanda kilima cha kwetu chenye yale mawe.

Kisha presha ikaja. Kliniki walimpima, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Akameza kwa miezi kadhaa. Tuliporudi kupimwa, presha ilikuwa imeshuka, imetulia vizuri. Nesi alisema, na mimi nilikuwepo nikasikia kwa masikio haya mawili, "Dawa zimekupatia, mama. Usiache."

Mimi nikachukua nusu ya habari ile. Nikachukua "presha imeshuka," nikaacha "usiache." Jumapili ile nikasimama hapa nikasema mke wangu ameponywa presha. Kidonge sikukitaja! Mnakumbuka mlivyoshangilia. Mchungaji alinikumbatia, kwaya wakaanzisha pambio bila kupangwa. Wiki iliyofuata ndugu zetu wa Buhongwa wakaniita nikashuhudie na kwao. Nikaenda, na kule ushuhuda ukanenepa kuliko mke wangu. Nikasema kliniki walishangaa, wakaitana. Hakuna aliyeshangaa, ndugu zangu, na hakuna aliyeitwa.

Tena nisimsingizie mtu. Mchungaji hajawahi kufundisha hapa kwamba mgonjwa atupe dawa zake. Ni mimi. Nilirudi kutoka Buhongwa nikamkuta mke wangu ameshika kidonge mkono mmoja na kikombe cha maji mkono wa pili. Nikamwambia, "Mama Kulwa, ukimeza hicho unanifanya mimi mwongo." Alinitazama. Akakirudisha kwenye pakiti, pakiti akaiweka juu ya kabati, na maji yale akanywa bila kidonge. Mke wangu aliuamini mdomo wangu kuliko mwili wake mwenyewe, na hilo ndilo ninalolilia mbele zenu leo.

Miezi ikapita. Akaanza kusema kichwa kizito asubuhi. Miguu ikawa inavimba jioni, viatu havimwingii. Magoti yakauma. Akaniambia tumrudie nesi, na mimi nikaogopa. Sikuogopa ugonjwa, ndugu zangu, niliogopa kile kitabu cha kliniki. Nilijua tukienda wataandika presha, na akiandikiwa presha, ushuhuda wangu umekufa.

Ndipo nikasikia kuna jimu imefunguliwa karibu na kwetu, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikafurahi kama niliyefunuliwa! Nikajiambia, jimu si dawa. Jimu hata wazima wanaenda. Mama Kulwa akitembea kwenye mashine atapungua, presha itashuka yenyewe, na ushuhuda utasimama palepale. Angalieni akili ya mtu mwenye kiburi inavyofanya kazi. Mazoezi ni kitu chema kabisa, na mimi nikayafanya kuwa blanketi la kufunikia uongo.

Tukaenda. Mapokezi tukamkuta binti yetu Veronika, yule wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Veronika, mwanangu, uko hapo, nisamehe kwa kukutaja. Akatuamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akatoa fomu. Fomu ile ilikuwa inauliza umri, uzito, una presha au kisukari, unatumia dawa gani, umewahi kuumia wapi. Mke wangu akaishika kalamu. Mimi nikaona jicho la Veronika liko juu ya karatasi. Nikasema moyoni, akiandika presha hapa, Jumapili kwaya nzima inajua. Nikaichukua kalamu mkononi mwake nikasema, "Lete, mume ndiye anayejaza." Penye presha nikaandika hapana. Penye dawa nikaandika hakuna.

Akaja mwalimu wa mazoezi, dada mmoja mrefu anaitwa Anastazia, zamani alikuwa anacheza netiboli. Akasema kwa adabu, "Baba, kabla ya yote mama apande mizani, ili nijue nampangia mashine ipi." Mizani yenyewe ilikuwa pale ukutani, na watu wamejaa. Mimi nikapandisha sauti. Nikasema, "Mke wa mtu hapimwi hadharani kama sangara!" Watu wakacheka. Mwalimu hakusisitiza, maana mimi ni mtu mzima na ananiheshimu. Akasema basi tuandike wenyewe kwa ukweli.

Nikaandika tisini na nane.

Mke wangu ana kilo mia moja thelathini na moja. Nilijua! Nani ajue kama si mimi? Nimemwona kwa jicho la kazi miaka yote hiyo. Lakini tarakimu tatu zilinishinda kuandika. Nilijiambia ni heshima, namfichia mke wangu aibu. Uongo mtupu. Yeye hakuwa na aibu, alikuwa tayari kupanda ile mizani, alishavua hata ndala. Aibu ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, mwalimu yule alifanya kazi yake kwa karatasi niliyompa. Akatuonyesha mashine mbili za kutembelea, zile ambazo mkanda unakwenda chini ya miguu na wewe unatembea palepale. Moja iko kona, pana, nzito, ina vishikio virefu pande zote. Akasema ile inabeba mtu hadi kilo mia na themanini, na pembeni yake kuna baiskeli ya kukaa yenye egemeo, nzuri sana kwa mwenye mwili mkubwa anayeanza, kwa sababu magoti hayabebi uzito wote. Nyingine iko dirishani, nyembamba. Akasema, "Kwa kilo tisini na nane mama atatosha hapa."

Kwenye mashine ile ya dirishani palikuwa na stika imeandikwa mwisho kilo mia na kumi. Niliisoma. Mtu wa mizani hawezi kupita penye namba bila kuisoma. Mwaloni nikiona mtu anatundika kilo themanini kwenye mizani ya hamsini nampigia kelele, nasema utaua springi, utaua mtu! Pale nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Kulwa, uliandika ngapi?"

Nikamwambia, "Panda tu, usiwe na wasiwasi."

Akapanda.

Siku za mwanzo zilikwenda salama, na nikazidi kuwa jeuri. Mwalimu alimfundisha kila kitu. Usiwashe mashine ukiwa umesimama juu ya mkanda, simama kwanza na miguu yako pembeni, washa, mkanda ukianza taratibu ndipo uingie. Raba zenye soli nzuri, siyo ndala. Macho mbele, siyo miguuni. Dakika tano za mwanzo uwe kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Ukiweza kuongea huku unatembea, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, simama, hakuna ushujaa hapo. Na kulikuwa na kamba nyekundu yenye kibanio, upande mmoja unabanwa kwenye nguo ya mtu, upande mwingine umeshika kifunguo cha mashine. Mtu akianguka, kamba inang'oa kifunguo, mashine inazima. Mimi nilisema ile kamba ya nini, inamfanya mama aonekane kama mbuzi wa mnada. Mwalimu Anastazia hapo alinikatalia. Akasema, "Baba, bila kamba hapandi mtu humu. Hata wewe." Mungu ambariki dada yule kwa ukaidi wake.

Mashine ilikuwa inalia. Mkanda ukipokea mguu wa mke wangu unasita kidogo, unaguna, halafu unaendelea. Nilisikia. Nikawasha redio ya simu, nyimbo za injili, ili nisisikie.

Wiki ya tatu nikapata ujumbe kwamba kongamano la wilaya linakaribia, na mimi nimepangwa kushuhudia tena. Nikaona mke wangu bado hajapungua, atasimamaje mbele ya watu akiwa na kichwa kinachouma na miguu iliyovimba? Siku hiyo jioni tukaenda jimu. Mwalimu alikuwa upande wa pili anamwelekeza mtu mwingine. Mke wangu akatembea dakika kumi hivi, jasho linamtoka. Nikasogea, nikabonyeza kitufe cha mwendo. Nikabonyeza tena. Na tena.

Akasema, "Baba Kulwa, kichwa kinazunguka."

Ndugu zangu, mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Tembea kwa imani, Mama Kulwa!"

Mkanda ukasita. Ukakwama kabisa, halafu ukaruka mbele kwa nguvu. Mke wangu akaenda chini kwa magoti, kishindo chake sitakisahau mpaka naingia kaburini. Kamba nyekundu ikachomoka, mashine ikazima papo hapo. Kama mkanda ule ungeendelea kukimbia chini yake, sijui leo ningekuwa nashuhudia nini. Kamba niliyoidharau ndiyo iliyomwokoa mke wangu, na mimi niliyeaminiwa ndiye niliyemwangusha.

Tukampeleka hospitali. Pia ya goti la kulia ilikuwa imepasuka, ilihitaji upasuaji. Wakampima presha. Daktari akaangalia namba, akapima tena mkono wa pili, akauliza, "Huyu mama ana presha tangu lini?"

Wakati huo habari zilikuwa zimeshafika kanisani. Mchungaji alikuwa ameingia, na Mama Mchungaji, na akina mama watatu wa umoja wao, wamezunguka kitanda wanataka kuomba. Wote walikuwa wameushangilia ule ushuhuda. Daktari ananitazama mimi. Na mimi nikasema, "Hana presha, daktari. Ni maumivu tu."

Daktari akasema hawawezi kumpeleka kwenye upasuaji hivi hivi. Akasema lazima wajue ametumia dawa gani, ameacha lini, na ana kilo ngapi hasa, kwa sababu dawa ya usingizi inapimwa kwa uzito wa mtu na kwa hali ya moyo wake. Akasema, "Mzee, ukinipa habari isiyo sahihi, huyu mama anaweza asiamke." Akanipa dakika chache, akaenda kumwangalia mgonjwa wa jirani.

Nikamtazama mke wangu nikitumaini atasema yeye. Ndiyo, mpaka pale nilikuwa bado nataka anibebee! Midomo yake ilikuwa imekauka kwa maumivu. Akaniambia taratibu, "Mimi sitasema, Baba Kulwa. Ulisema wewe, utatengua wewe." Akageuzia uso ukutani.

Nilisimama pale, ndugu zangu. Nilimwona Mungu wangu akinisubiri na sina pa kujificha. Nikamwita daktari kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Nikasema, "Ana presha. Alikuwa na dawa, ameacha miezi saba, na aliyemzuia ni mimi. Hakuponywa, dawa zilikuwa zinamsaidia na mimi nikanyamaza. Ana kilo mia moja thelathini na moja. Kule jimu niliandika tisini na nane." Nikayasema yote mbele ya mchungaji na akina mama wale. Mama mmoja akashika kichwa. Mchungaji akakaa kitandani, akasema, "Mzee, Mungu hakuwahi kukuomba umsaidie kwa uongo." Halafu akalia, na mimi nikalia.

Pale ndipo nilipofunguliwa. Msinisikie vibaya, sikusikia upepo wala sikuona mwanga. Nilisikia mdomo wangu mwepesi, kama mtu aliyetema jiwe. Daktari hakunilaumu hata kidogo, aliandika tu, akaanza kazi. Siku kadhaa wakamshusha presha kwa dawa, kisha wakamfanyia upasuaji kwa amani, na aliamka. Utukufu kwa Mungu, aliamka!

Lakini ukweli nilioutoa umechelewa, na kuchelewa kuna alama zake. Goti lile halikunji mpaka mwisho. Mnajua kwetu mkamwana anavyosalimia wakwe. Mara ya kwanza nilipompeleka Kisesa kwa mama yangu, alifika mlangoni akataka kupiga magoti kama alivyofanya miaka yote, ikashindikana. Akabaki amesimama, ameshika fremu ya mlango, machozi yanamtiririka. Mama yangu akasema, "Acha, mwanangu, acha, utaumia." Akamsogezea kigoda. Kisha akanigeukia. "Nani amemvunja mkamwana wangu?" Nilikuwa na nafasi ya kusema mashine. Ningeweza kusema mashine, na angeamini. Nikasema, "Ni mimi, mama." Mpaka leo hajawahi kuniambia tena kwamba natunza.

Nilirudi pia kule jimu. Nilikuta mwenye jimu amebandika karatasi ukutani kwamba watu wenye miili mikubwa hawaruhusiwi kupanda mashine, na Mwalimu Anastazia amesimamishwa kazi kwa uzembe. Nikamtafuta mwenye jimu, nikamweleza kila kitu, na mwalimu akaitwa nikayarudia mbele yake. Nilitegemea atanitukana. Aliniamkia kwanza, "Shikamoo baba," ndipo akasema neno ambalo nalala nalo mpaka leo. Akasema, "Baba, ile mashine ya kona ilikuwa haina mtu siku ile. Mama angepanda ile, angetembea mpaka achoke mwenyewe. Mwili wake haukuwa na kosa lolote." Amerudishwa kazini, na ile karatasi ya ukutani aliing'oa kwa mkono wake.

Kwa hiyo ndugu zangu, mlio na miili mikubwa humu ndani, na mko wengi, msijifiche nyuma ya nguzo nawaona! Msiogope jimu kwa sababu yangu. Nendeni. Lakini pitieni kliniki kwanza mpimwe, na dawa mliyopewa mmeze, asiwazuie mume wala mzee wa kanisa. Mkifika semeni uzito wenu wote bila kupunguza hata gramu. Someni ile stika ya mashine, inasema kweli kuliko sisi. Baiskeli yenye egemeo si ya wavivu, anzeni hapo. Muwe na maji karibu. Mwendo ukikuzidi, bonyeza mwenyewe upunguze, na mtu mwingine asikubonyezee kitufe chako. Na ile kamba baneni hata wakiwacheka. Nanyi waume, mke anaposema kichwa kinazunguka, jibu ni kuzima mashine. Imani mtaizungumza mkiwa mmekaa.

Wiki iliyopita mke wangu alisema yuko tayari kurudi. Daktari amemruhusu, presha imetulia kwa dawa, na anameza kila asubuhi mbele yangu, na mimi ndiye ninayemletea maji. Tukapanda zile ngazi polepole, ngazi moja moja. Mwalimu akatoa fomu mpya. Nilikaa juu ya mikono yangu, ndugu zangu, nisije nikaigusa kalamu. Mke wangu akapanda mizani mbele za watu, akasoma mwenyewe kwa sauti, "Mia moja ishirini na sita," akashuka akaandika. Penye presha akaandika ndiyo. Penye dawa akaandika jina la dawa, herufi kwa herufi. Nilikuwa namshukuru Mungu moyoni, nikasema sasa yamekwisha.

Akafika chini kabisa. Pameandikwa, likitokea tatizo, apigiwe simu nani. Miaka yote, kliniki, benki, shuleni kwa akina Kulwa na Doto, mahali hapo ameandika jina langu. Kalamu ikasimama. Hakunitazama. Kisha akaandika jina la dada yake anayekaa Magu, na namba yake.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka pale alipo. Ni haki yake. Mwalimu akasoma, akamwuliza kama yuko tayari, akambania ile kamba, wakaelekea kona.

Ndugu zangu, Mungu amenisamehe, najua, na mke wangu ameniambia kwa kinywa chake kwamba amenisamehe. Lakini kusamehewa na kuaminiwa ni vitu viwili, nimevijua vyote kwa mara moja. Mwaminini Mungu, nawasihi! Yeye ni mwaminifu, anaponya kwa neno lake na anaponya kwa kidonge cha kliniki, na haoni haya kwa kimojawapo. Mwaminini kiasi cha kumwachia heshima yake ailinde mwenyewe. Namshukuru kwa uhai wa Mama Kulwa, namshukuru kwa Mwalimu Anastazia, nawashukuru ninyi kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Na mnapokwenda kuomba nyumbani kwenu, msiniombee tena nipewe ushuhuda mkubwa. Niombeeni siku moja, kwenye karatasi yoyote ile, mke wangu aandike namba yangu.